Shajara ya mradi: kupima na kupunguza mionzi ya CT ya kifua

4 Machi 2024. Kilichotuanzisha

Mwezi uliopita alikuja binti wa miaka 24 kwa CT (skani ya eksirei inayoonyesha mwili slaisi kwa slaisi) ya nne ya kifua ndani ya miezi kumi na minne. Kifua kikuu alishapona, ila mapafu yamebaki na makovu, na kila kliniki anayopita inaomba picha mpya. Skani mbili kati ya hizo nne zilifanyika hapa kwetu, kwenye mashine ileile. Nilipofungua rekodi nikakuta ya pili ilitumia mionzi karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Uzito wake ulikuwa haujabadilika. Matiti yake yalikuwa ndani ya mwale mara zote nne. Nilimuuliza kila mtu wa zamu tofauti hiyo imetoka wapi, hakuna aliyejua, na mimi pia sikujua.

Kwa hiyo tumeanza. Tuko wateknolojia wanne wa mionzi, daktari bingwa wa radiolojia mmoja, na mwanafizikia tiba wa hospitali nyingine aliyekubali kutusaidia siku za Jumamosi. Mashine yetu ni ya slaisi 64 na imeshatumika miaka kadhaa. Hospitali imetupa kibali, na majina ya wagonjwa yanaondolewa kabla ya jambo lolote.

Kwa anayetaka kuiga, namba tunazofuata ni mbili, na mashine huzionyesha yenyewe mwisho wa skani. CTDIvol, kwa miligrei (mGy), inaeleza ukali wa mionzi katika slaisi. DLP, kwa mGy·cm, ni ukali huo ukizidishwa kwa urefu uliopigwa. Hakuna hata moja kati yake iliyo dozi ya mgonjwa mwenyewe. Mashine huzihesabu kwa gogo la akriliki lenye kipenyo cha sentimita 32, si kwa mwili wa mtu.

22 Machi 2024. Data ya kwanza tumeitupa

Wiki mbili za kazi zimepotea, na ni afadhali niandike sababu zake ili nawe usizipoteze.

Kwanza, tulinakili namba kwa mkono kutoka ukurasa wa dozi kwenye skrini. Kwenye Excel kukawa na 1.28 iliyotakiwa kuwa 12.8, na DLP ya mgonjwa mmoja imeandikwa kwa mwenzake. Sasa tunatumia OpenREM, programu ya bure inayosoma ripoti za dozi moja kwa moja kutoka kwenye faili za DICOM, mfumo ambao mashine huhifadhia picha. Tumeiweka kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi. Diski ya nje ya kuhifadhia imegharimu shilingi 95,000.

Pili, neno "kifua" kwenye orodha lilibeba kila kitu: kifua cha kawaida, mishipa ya mapafu kwa anayeshukiwa kuganda damu, kifua pamoja na tumbo. Ukichanganya hizo unapata wastani usioeleza chochote. Tumebakiza kifua cha kawaida cha mtu mzima peke yake.

Tatu, uzito. ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, katika Chapisho lake Namba 135 la mwaka 2017, inashauri kulinganisha wagonjwa wa uzito unaokaribiana, wastani wao ukae karibu na kilo 70. Sisi tulikuwa hatupimi uzito kabisa. Mizani imenunuliwa kwa shilingi 55,000 na imewekwa mlangoni, mahali ambapo mgonjwa hawezi kuingia bila kuipita.

17 Mei 2024. Hali yetu ya kuanzia

Wagonjwa 60, wote kati ya kilo 50 na 90. Nikizipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, ya katikati kwa CTDIvol ni 12.8 mGy, na kwa DLP ya uchunguzi mzima ni 640 mGy·cm.

Je, ni nyingi? Inategemea unajipima na nani. Miongozo ya Ulaya ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliweka DLP ya 650 kwa kifua, na kwa kipimo hicho tuko ndani ya kiwango. Lakini viwango vya rejea vya Marekani vilivyochapishwa mwaka 2017 vinataja 12 mGy na 443 mGy·cm kwa kifua bila kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha), na vinasema nusu ya vituo vyao viko chini ya 334. Anayetaka kujifariji atachagua kipimo cha zamani. Sisi tumechagua kipya, ingawa wagonjwa wao kwa kawaida ni wanene kuliko wetu, jambo linalofanya hali yetu iwe mbaya zaidi, si nafuu.

Tulipata pia mtego mmoja. Kijana wa kilo 52 alionekana amepigwa maradufu ya wenzake. Kumbe mtu alimchagulia itifaki (mpangilio wa skani uliohifadhiwa kwenye mashine) ya watoto, na kwenye mashine yetu itifaki hiyo huhesabu CTDIvol kwa gogo dogo la sentimita 16. Kwa mionzi ileile, gogo dogo hutoa namba kubwa kama mara mbili. Angalia daima ripoti inataja gogo lipi kabla ya kulinganisha watu wawili.

8 Juni 2024. Fantomu, chemba, na hewa ya milimani

Leo tumehakiki kama namba za skrini ni za kweli. Mwanafizikia amekuja na fantomu, yaani lile gogo la akriliki la sentimita 32 (ina uzito wa kilo 14 na ushee, beba na mwenzako), na chemba ya ayoni ya milimita 100, kifaa cha kupimia mionzi. Nauli na usafirishaji vimekula shilingi 120,000.

Kazi yenyewe si ngumu. Chemba inaingia kwenye tundu la katikati, kisha kwenye matundu manne ya pembeni. Unachukua theluthi moja ya kipimo cha katikati na theluthi mbili za wastani wa pembeni, halafu unagawa kwa pichi (mwendo wa kitanda kwa mzunguko mmoja ukigawanywa kwa upana wa mwale). Tulitumia kilovolti 120, mAs 100 (mkondo wa mrija ukizidishwa kwa muda), pichi 1. Katikati tukapata 3.5 na pembeni 6.5, jumla 5.5 mGy. Skrini ilisema 7.1.

Pengo la zaidi ya asilimia 22! Tulikuwa tayari kuandika barua kwamba mashine inadanganya. Aliyetuzuia ni mwanafizikia, aliyeuliza, "Marekebisho ya hewa mmefanya?" Tulikuwa tumefanya. Chemba ya aina hii iko wazi kwa hewa ya chumba, na hewa ikiwa nyepesi inapima pungufu, kwa hiyo lazima uzidishe kwa marekebisho ya joto na kanieneo. Kanieneo tuliitoa kwenye programu ya hali ya hewa ya simu: hektopaskali 1016. Kwa namba hiyo marekebisho ni karibu na moja, yaani hakuna.

Kosa lilikuwa hapo hapo. Programu za hali ya hewa hutangaza kanieneo iliyorekebishwa iwe kama ya usawa wa bahari. Mji wetu wa Nyanda za Juu Kusini uko kwenye mita 1,700 hivi. Simu ya mwenzetu ina kihisi cha kanieneo, na tulipokisoma kilisema 830. Kwa nyuzi 23 za joto marekebisho yanakuwa 1.23, na 5.5 inageuka kuwa 6.8. Sasa tofauti na skrini ni kama asilimia 4 tu, na mashine iko sawa.

Wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa wanaweza kulikosea jambo hili na wasione madhara yoyote. Aliye Mbeya, Njombe, Nairobi au Kigali ataharibu kazi nzima. Pima kanieneo halisi ya chumba chako.

29 Juni 2024. Ndoo

Fantomu imerudi kwao, nasi tunahitaji kitu cha kupima kila wiki. Tumetengeneza chetu: ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko (14,000) na silikoni ya kuziba (9,000). Imejazwa maji na kulazwa kitandani kwa ubavu, mdomo ukielekea kwenye tundu la mashine.

Mara ya kwanza picha ilijaa mistari myeupe. Ulikuwa waya wa mkono wa ndoo, tukaung'oa. Mara ya pili kukawa na madoa meusi, na hayo yalikuwa viputo vya hewa kutoka kwenye maji ya bomba. Sasa maji yanalala usiku kucha kwenye beseni kabla ya kumiminwa, na ndoo inajazwa hadi maji yafurike ndipo kifuniko kifungwe. Mara ya tatu namba zilikuwa zinaruka kutoka wiki hadi wiki, kwa sababu ndoo ni pana juu na nyembamba chini na kila mtu alipiga sehemu yake. Tumeizungushia mstari wa wino usiofutika, na slaisi inapigwa kwenye mstari huo tu. Matone machache ya jiki yanazuia ukijani.

Kwa mpangilio usiobadilika, maji yasome karibu na 0 kwenye vipimo vya Hounsfield (namba za weupe na weusi wa picha ya CT), na chenga za picha, ambazo mashine huzionyesha kama SD ndani ya duara unalochora, ziwe 11.2. Ikisogea zaidi ya moja, tunasimama na kutafuta sababu.

20 Julai 2024. Urefu wa skani, na sauti ya mashine

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote.

Tulipima kila skani inaanzia wapi na kuishia wapi. Kifua kinatakiwa kuanza juu kidogo ya ncha za mapafu na kuishia chini kidogo ya pembe za chini. Sisi tulianza karibu na kidevu, tukaishia katikati ya figo. Urefu wa katikati kwenye orodha yetu ulikuwa sentimita 41. Kila sentimita ya ziada inalipwa kwa DLP, na huko juu kuna tezi ya shingo.

Nilifikiri dawa ni kuwaambia wenzangu wafupishe. Tukafupisha. Kati ya wagonjwa 20 wa kwanza, watatu walikatwa sehemu ya chini ya mapafu, ikabidi kuwapiga tena kipande. Mgonjwa anayepigwa mara mbili kwa sababu ya mradi wa kupunguza mionzi ni jambo zito, na tulisimamisha zoezi siku hiyohiyo.

Sababu tuliipata kwa kutazama picha ya mwongozo (ile bapa ya mwanzo tunayochorea mipaka ya skani) na skani yenyewe kwa pamoja. Picha ya mwongozo ilipigwa mgonjwa akipumua kawaida, kisha kwenye skani akavuta pumzi kubwa na mapafu yakashuka sentimita mbili tatu chini ya mpaka tuliouchora. Ule urefu wa ziada wa miaka yote ulikuwa unaficha tatizo hili bila sisi kujua. Sasa picha ya mwongozo nayo inapigwa pumzi ikiwa imeshikwa.

Ila wengine hawakushika pumzi hata kidogo. Mzee mmoja nilipomuuliza, alijibu kwa upole, "Mwanangu, ile sauti ya Kizungu nilidhani inasema na ninyi." Mashine ilikuwa inatoa maelekezo kwa Kiingereza tangu siku ilipofungwa, na sote tulishaizoea hata hatuisikii tena.

Mashine inaruhusu kurekodi sauti mpya. Dada mmoja wa zamu mwenye sauti tulivu amerekodi: "Vuta pumzi. Ishikilie, usipumue." Na mwisho: "Pumua sasa." Toleo la kwanza halikufaa, kwa kuwa mwale ulianza sekunde mbili baada ya amri, na mzee anayehema hawezi kujaza kifua kwa sekunde mbili. Tumeweka sekunde tano. Pia kila mgonjwa anafanya mazoezi mara mbili kabla ya kulala kitandani, na kama Kiswahili chake ni kizito tunamwita ndugu aliyemsindikiza amweleze kwa lugha ya nyumbani. Gharama ya haya yote ni sifuri.

Urefu wa katikati sasa ni sentimita 34. Hakuna aliyekatwa kwa wiki mbili zilizopita.

10 Agosti 2024. Kitanda kiko chini mno

Kwenye picha za DICOM unaweza kupima katikati ya mwili iko umbali gani kutoka katikati ya mashine. Wagonjwa wetu wengi walikuwa chini kwa sentimita tatu hivi. Sababu ni ya kibinadamu: kitanda kikiwa chini ni rahisi kumpandisha mgonjwa, kisha mtu anasahau kukiinua.

Nilidhani madhara ni madogo, mpaka tulipojaribu kwa ndoo. Mashine hujipangia mkondo wa umeme wa mrija, unaoamua wingi wa mionzi, kwa kutazama picha ya mwongozo. Kwetu picha hiyo hupigwa mrija wa eksirei ukiwa chini ya kitanda. Kitu kikiwa karibu na mrija kivuli chake kinakuwa kikubwa, mashine inaamini ina mtu mnene mbele yake na inaongeza mkondo. Ndoo ikiwa chini kwa sentimita 5, CTDIvol iliyopangwa ilipanda asilimia 24. Ikiwa juu kwa sentimita 5, ilishuka asilimia 19 lakini chenga zikazidi. Kwa hiyo usijaribu kuokoa mionzi kwa kuinua kitanda. Weka katikati tu, kwa kutumia mstari wa leza wa pembeni, usawa wa katikati ya ubavu. Nadhani tofauti ya yule binti ilitoka hapa kwa sehemu kubwa, maana kwenye skani yake ya pili yuko chini kwa karibu sentimita 6.

Mikono nayo inahusika. Ikibaki chini kando ya mwili, mashine inaongeza mionzi ili ipenye mifupa hiyo na picha inapata mistari. Wenye mabega mabovu tunawapa mto chini ya kiwiko. Mkono mmoja ukipanda ni bora kuliko kutopanda hata mmoja.

31 Agosti 2024. Skani mbili kwa swali moja

Kati ya wale 60 wa mwanzo, 19 walipigwa kabla ya kontrasti na baada yake. Nilimuuliza daktari wetu bingwa ni wangapi kati yao walihitaji zote mbili. Alizipitia zote 19 jioni mbili mfululizo, akasema watatu. Hao wengine 16 walipata mionzi maradufu kwa sababu itifaki ilihifadhiwa hivyo siku mashine ilipofungwa.

Tumeifuta ile ya kwanza kwenye mpangilio wa kawaida, na anayeihitaji lazima aiombe. Fomu ya maombi nayo ina mstari mpya: "Unataka tujibu swali gani?" Madaktari wa wodini walilalamika wiki ya kwanza. Ila tayari maombi mawili yamegeuka kuwa eksirei ya kawaida, kwa sababu swali lenyewe halikuhitaji CT.

5 Oktoba 2024. Picha zimerudishwa

Mpaka hapa hatukugusa ubora wa picha hata kidogo. Sasa tulianza kushusha mkondo, na tulikosea kwa haraka.

Ukipunguza mionzi nusu, chenga hupanda kwa kama asilimia 40. Hesabu hiyo tulikuwa nayo. Lakini tulishusha hatua mbili kwa mpigo kwa sababu picha za majaribio zilionekana nzuri machoni mwetu wateknolojia. Daktari alirudisha picha za siku nzima. "Mapafu nayaona," alisema, "lakini kivuli chepesi cha ukungu sikiamini tena, na tezi za katikati ya kifua zimezama kwenye chenga." Kwa mgonjwa mwenye ukungu wa mwanzo wa ugonjwa wa mapafu, picha kama hiyo ni mionzi iliyopotea yote, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Tumerudi mwanzo. Sasa tunashuka asilimia 10 kwa mara moja, kisha wagonjwa 20, kisha madaktari wawili (wa kwetu na mwingine wa mbali) wanazipa picha alama 1 hadi 5 bila kujua zimepigwa kwa mpangilio upi. Ikishuka chini ya 4 hatuendelei. Tulishuka mara mbili. Ya tatu ilikataliwa, na tumeishia kwenye ya pili. Tumewasha pia ukokotozi wa kurudiarudia unaopunguza chenga, ambao mashine ilikuwa nao muda wote ila umezimwa. Tumeuweka katika kiwango cha kati, kwa sababu cha juu kinafanya mapafu yaonekane kama yamepakwa nta.

16 Novemba 2024. Kilovolti 100

Kwa wenye chini ya kilo 70 wanaopata kontrasti tumeshuka kutoka kilovolti 120 hadi 100. Iodini iliyomo kwenye kontrasti hung'aa zaidi kwenye nishati ndogo, kwa hiyo hata chenga zikizidi kidogo mishipa na tezi zinaonekana. Mama mmoja wa kilo 84 alipigwa kwa mpangilio huu kimakosa. Mrija ulifika mwisho wa uwezo wake, na mabega yakajaa mistari. Uzito sasa unaandikwa kwa kalamu nene juu ya fomu.

Ngao za bismuthi za kufunika matiti tulizifikiria na kuziacha. Ikiwekwa kabla ya picha ya mwongozo, mashine inaona chuma na kuongeza mionzi, na ikiwekwa baadaye inaharibu picha ya mbele ya kifua. Chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, kinashauri njia nyingine, kama kupunguza mkondo wenyewe.

14 Desemba 2024. Hesabu ya mwaka

Wagonjwa 60 wapya, uzito uleule. CTDIvol ya katikati ni 7.9 mGy, DLP ni 270 mGy·cm. Kwa kigezo cha 0.014 kinachotumika kwa kifua kugeuza DLP kuwa milisivati, tumetoka kama milisivati 9 hadi chini kidogo ya 4. (Milisivati hizo ni za kulinganisha makundi. Usimpe mgonjwa kama dozi yake.) Sehemu kubwa ya punguzo imetoka kwenye urefu, kitanda na skani za pili, mambo yasiyohitaji kununua kitu. Matumizi yote ni shilingi 293,000.

Kosa moja tumeligundua wiki hii. Tulikuwa tunarekebisha CTDIvol kwa ukubwa wa mgonjwa kwa kupima upana na unene wa kifua kwa rula ya skrini. Lakini kifua kimejaa hewa, na kwa mionzi ni chembamba kuliko kinavyoonekana. Mgonjwa mwenye kipenyo cha sentimita 28 kwa rula alikuwa 25 tu kwa njia ya usawa wa maji (kipenyo cha maji yanayozuia mionzi sawa na mwili huo), ile ya Ripoti 220 ya AAPM, na kizidisho kikatoka 1.32 hadi 1.48. Tulikuwa tunawaandikia wembamba dozi pungufu, na wembamba ndio wengi wetu. Namba za zamani zote zinahesabiwa upya.

11 Januari 2025

Namba zimemalizika kuhesabiwa na mpangilio mpya umefungwa kwa nywila. Ndoo inasoma 11.4. Yule binti amerudi kliniki, na safari hii daktari wake ametumia CD ya picha za zamani tuliyomchomea. Hakupigwa.

Jumatatu tunaanza na watoto. Orodha ina 31, na kwa zaidi ya nusu yao itifaki iliyotumika ni ya watu wazima.